Gesi ya Tatu Gerezani

Ukishuka mwendokasi kituo cha Gerezani, Dar es Salaam, na kuingia mitaa ya nyuma, magari huanza kuonekana vipande vipande. Hapa milango imeegemezwa ukutani, pale mabampa yananing'inia kwenye kenchi, mbele kidogo kijana kachuchumaa mbele ya injini isiyo na gari akiisafisha kwa petroli. Wanyoosha bodi wana upande wao, wachomelea ekzosi wana wao, na mafundi rejeta utawatambua kwa madimbwi ya maji ya kutu miguuni pao. Mafundi AC wako mwisho kabisa, chini ya mwarobaini uliosalia katikati ya fremu za maduka. Alama yao ni mitungi ya rangi ya samawati iliyopangwa juu ya kreti za soda, upande wa kivuli.

Ni Januari. Kaskazi inavuma na haisaidii kitu. Ikifika saa nne asubuhi usukani haushikiki, na mtu aliyevumilia vioo wazi tangu Juni anakuja Gerezani na neno moja tu: "Fundi, AC haipozi." Kuanzia Novemba mpaka masika yaanze, kona hii haina pa kuegesha. Nimekuja kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma habari za mikataba ya dunia juu ya gesi za kupozea, na kila nikisoma nakuta mawaziri, nakuta viwanda, nakuta nchi zimepangwa kwa makundi, lakini sikuti fundi wa chini ya mwarobaini ambaye ndiye mwenye kuishika gesi yenyewe kwa mikono yake.

Mwenye kona wote wanamwita Mzee. Vijana wanampa shikamoo hata wakipita na vyuma mabegani, naye anaitikia bila kuinua uso kutoka kwenye kazi. Vifaa vyake vya kila siku vinaenea kwenye meza moja ya mbao: geji yenye saa mbili na hozi tatu, bluu, nyekundu na njano, pampu ya vakyumu iliyovutiwa umeme kutoka duka la jirani, mzani mdogo, kopo la maji ya sabuni na brashi ya kunyolea ndevu. Hiyo brashi nilidhani imesahauliwa pale, mpaka nilipoiona ikifanya kazi.

Mama mmoja alikuwa ameleta Noah. Anapeleka watoto wa shule, alisema, na mchana watoto wanalia kwa joto.

"AC ilijazwa gesi kabla ya Krismasi tu, fundi. Sasa hivi inapuliza moto."

"Aliyejaza alitafuta panapovuja, mama?"

"Alijaza tu, ikapoza, nikaondoka."

Mzee akatikisa kichwa, akafunga geji. Mshale wa upande wa chini ulinyanyuka kidogo ukakata tamaa. Akamweleza yule mama taratibu, kama mtu aliyelirudia jambo hilo maisha yake yote, kwamba gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka. Kompresa inaikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaitoa joto mpaka inageuka kimiminika, kisha inapenyezwa kwenye tundu dogo la ekspansheni, inatanuka, inakuwa baridi kali ndani ya dashibodi, na kurudi tena kwenye kompresa. Gari lisilovuja linaweza kukaa miaka na gesi ile ile. Ikipungua imetoka mahali, na mahali hapo pasipozibwa, kila mtungi unaojazwa unamwagwa hewani.

Kijana wake akatia gesi kidogo ili kuwe na msukumo, akachovya brashi kwenye sabuni, akaanza kupaka kondensa kutoka juu. Nilichuchumaa naye. Mapezi ya alumini yalikuwa yamejaa tope na vumbi la barabara za Kigamboni, na kwenye kona ya chini kulia alumini ilikuwa na unga mweupe, ile kutu inayoletwa na hewa ya chumvi. Alipopitisha brashi pale, povu halikutulia. Likaumuka kipovu kimoja, kikapasuka, kikaja kingine mahali pale pale, kisha vikaja viwili kwa pamoja. "Ndiye huyu," akasema kijana. Tundu lenyewe sikuliona kwa macho. Lakini lilikuwa limeila hela ya yule mama yote ya Desemba.

Hapo ndipo hesabu ya fundi inapoanza. Gesi iliyotumika kutafuta tundu ni ya fundi, mteja hailipii. Fundi mwenye uwezo hupimia kwa naitrojeni, ambayo haina madhara ikivuja, lakini naitrojeni nayo inataka mtungi wake, reguleta yake na nauli ya kuufuata. Mtungi wa samawati una kilo 13.6. Gari dogo linakula kati ya gramu 400 na 500, kwa hiyo mtungi mmoja kwa hesabu ya karatasi unajaza magari 30 hivi. Haufiki. Kuna gesi ya kupimia, kuna inayobaki ndani ya hozi, kuna Noah na Hiace zenye AC mpaka nyuma, na kuna mteja anayerudi na kusema haijapoza vizuri, akajaziwa tena bure ili asiende kusema vibaya kwa jirani.

Chini ya meza Mzee ana sanduku la chuma. Alilifungua mwenyewe baada ya kazi ya Noah, akatoa geji ya zamani ambayo vichwa vyake ni vya kufunga kwa nyuzi, si vya kubana kama vya siku hizi. Ni ya gesi ya R12. Aliinunua akiwa kijana, enzi za Peugeot 504 na Land Cruiser za mashirika, wakati gari lenye AC lilikuwa la mkubwa fulani na dereva alikuja amevaa tai. Gesi ile ilikuja kwenye mitungi myeupe. Haikuwa na harufu, haikuwaka moto, na mafundi waliiamini kuliko maji.

Na kweli ilitengenezwa iaminike. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake, wakifanya kazi kwa ajili ya General Motors huko Marekani, walikuwa wakitafuta kitu cha kuondoa sumu na moto kwenye mafriji ya siku zile, wakapata familia ya gesi ambayo R12 ndiyo iliyovuma. Kufikia mwaka 1940 kampuni ya Packard ilikuwa ikiuza magari yenye AC kutoka kiwandani. Ilipita zaidi ya miaka 30 kabla ya Mario Molina na Sherwood Rowland kuandika, mwaka 1974, kwamba gesi hizo zisizodhuru kitu huku chini hupanda juu sana, huvunjwa na jua, na klorini yake hulila tabaka la ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inatoboka kila mwaka. Tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ikatiwa saini. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza R12 ilipoingia 1996, na nchi kama zetu zikapewa mpaka 2010.

Mzee hakusoma itifaki. Alichoona ni magari kutoka Japani kuanza kushuka bandarini na vichwa vya kujazia visivyoingia kwenye geji yake. Hiyo ilikuwa R134a, gesi ya pili. Ilitaka geji mpya. Ilitaka oili mpya, maana ile oili ya madini iliyokuwa ikitembea na R12 haichanganyiki na R134a. Inabaki imelala chini na kompresa inakwama kwa ukavu. Ilitaka oringi za mpira mwingine na draya yenye chembe nyingine za kunyonya maji. Na kwa magari ya zamani yaliyotakiwa kubadilishwa, ilitaka adapta, kusafisha mfumo mzima, na hozi mpya kwa kuwa gesi hii inapenya kwenye mpira wa zamani. Wateja wengi hawakulipia hayo yote. Walitaka adapta na gesi, basi, na kompresa ilipokufa baada ya miezi aliyelaumiwa ni fundi. Mzee anazihesabu kompresa hizo hadi leo kama mtu anayetaja madeni.

Nisieleweke vibaya. Kuiacha R12 kulikuwa sahihi, na ninaandika hili kwa shukrani. Ni mara chache sana dunia nzima imekubaliana kuacha kitu na ikakiacha kweli. Tathmini ya wanasayansi ya mwaka 2022 inasema ozoni sehemu kubwa ya dunia itarudi hali ya mwaka 1980 ifikapo 2040 hivi, na juu ya Antaktika kama 2066. Hiyo ni ngozi ya wajukuu wetu, ni macho yao. Ninachouliza ni kwa nini gharama yake, ilipofika huku chini, ilitua juu ya meza ya mbao yenye futi sita.

Maana R134a nayo haikuwa safi. Haina klorini, kwa hiyo ozoni imesalimika, lakini inashika joto vibaya sana: kilo moja ikiingia hewani ni sawa na kilo 1,430 za kabonidayoksaidi. Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa juu ya kreti pale pale. Gari dogo lenye nusu kilo, gesi yote ikiachiwa, ni zaidi ya kilo 700, sawa na kuchoma lita 300 hivi za petroli. Na nilikuwa nimetoka kuiona ikiachiwa. Ile Noah ilipotakiwa kufunguliwa kondensa, kijana alibonyeza valvu kwa ncha ya bisibisi, gesi iliyobaki ikatoka kwa mlio mrefu, umande mweupe ukatanda kwenye kichwa cha hozi, na jambo likaisha.

Nilimuuliza Mzee kama hakuna namna ya kuivuta na kuihifadhi.

"Ipo. Kuna mashine inavuta, inachuja, unarudisha kwenye mtungi wake. Nimeiona. Mwanangu, ile mashine bei yake naweza kununua kiwanja Mkuranga. Halafu niiweke wapi, hapa? Usiku inalala na nani?"

Sina jibu la kumpa. Tangu mwaka 1991 kuna mfuko wa kimataifa unaozisaidia nchi zinazoendelea kutekeleza Itifaki ya Montreal, na kwetu shughuli hizo ziko chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Mafunzo yapo, na mashine zimegawiwa. Lakini zile ambazo mimi nimewahi kuzitia machoni ziko vyuoni na kwenye gereji zenye geti na mlinzi. Gereji bubu, ambazo ndizo zinazohudumia magari mengi ya jiji hili, hazina anwani ya kupelekewa barua ya mwaliko. Fundi anayefungua mifumo kadhaa kila siku ya kaskazi ndiye wa mwisho kupata kifaa cha kuizuia gesi, na ndiye wa kwanza kuambiwa anaharibu hewa. Hilo linaniuma, na naona linafaa liwaume pia wanaopanga bajeti hizo.

Saa sita hivi likaingia gari refu la Kiingereza, la mwaka 2018, rangi ya fedha. Mwenyewe ni kijana wa shughuli zake, simu mkononi. Jiwe la barabarani lilikuwa limepiga kondensa njiani kutoka Morogoro. Mzee akafungua boneti, akainama kusoma kibandiko, akakaa ameinama kwa muda. Kisha akaniita.

"Njoo usome mwenyewe. Ndiyo hii."

Kibandiko kiliandikwa R-1234yf, na pembeni alama ya mwali wa moto. Hii ndiyo gesi ya tatu. Vichwa vya kujazia vinabana kama vya R134a lakini umbo lake ni jingine, na geji ya pili ya Mzee haikuingia kama vile ya kwanza ilivyokuwa haiingii kwenye gesi ya pili. Mtungi wake mdogo aliwahi kuuona dukani Kariakoo: mweupe, una mshipi mwekundu. Nyuzi za kichwa chake zinafunga kinyumenyume, kushoto badala ya kulia, kwa sababu gesi hii inaweza kuwaka na waliouunda hawataki hozi ya gesi nyingine ifungwe hapo kwa kusahau. Bei yake ndiyo ilimfanya aurudishe kwenye shelfu. Nusu kilo ya gesi hiyo inamgharimu kuliko kilo mbili tatu za ile anayoijua.

Mwenye gari naye hakuja kusikiliza historia. "Mzee wangu, weka ile ya kawaida tu. Wenzangu wamewekewa, inapoza."

Inapoza, ni kweli. Hapo ndipo mtego ulipo. Gesi hizi mbili zinakaribiana mno kwa tabia: gari likiwa limezimwa kwenye joto la nyuzi 30, R134a inasoma paundi 97 hivi kwenye geji na R-1234yf inasoma 99. Hakuna jicho la fundi linalotofautisha hilo. Adapta za kulazimisha vichwa vishikane zinauzwa mtaa wa pili. Ulaya na Marekani kuweka R134a kwenye gari lililotoka kiwandani na gesi mpya ni kosa la kisheria. Huku kinachozuia ni dhamira ya fundi na elimu yake. Na ukishachanganya, umemtegea mwenzako. Fundi atakayefuata atasoma kibandiko, atatoa gesi ya bei mbaya atie juu ya mchanganyiko, au ataunganisha mashine yake nzuri na mashine itagoma kuvuta kwa sababu imepima na kukuta uchafu. Kinachoweza kumwambia fundi ndani ya gari kuna nini ni kifaa cha kupima aina ya gesi. Pale chini ya mwarobaini hakuna hata kimoja.

Gesi hii haikuletwa na Gerezani wala Tanzania. Ulaya ilipitisha mwaka 2006 kwamba gesi ya AC ya gari isizidi mara 150 ya kabonidayoksaidi kwa kushika joto. Ikaanza na aina mpya za magari 2011, na ilipofika Januari 2017 kila gari jipya lilibanwa. Marekani ikafuata baadaye. Japani, ambako ndiko yanakotoka magari yetu mengi, iliweka mwaka 2023 kuwa lengo kwa magari madogo ya abiria. Gari la Japani huchukua miaka kadhaa kufika kwetu, kwa hiyo wimbi lenyewe bado liko baharini. Kenya, ambayo hairuhusu gari la zaidi ya miaka minane kuingia, inalipokea mapema kuliko sisi. Mafundi wa Mombasa wana joto lile lile na chumvi ile ile, na muda mfupi zaidi wa kujiandaa.

Halafu kuna Kigali. Alfajiri ya tarehe 15 Oktoba 2016, katika mji ambao mizigo yake mingi hupakiwa kwenye malori hapa hapa bandari ya Dar es Salaam, nchi za dunia zilikubaliana kupunguza gesi za jamii ya R134a. Nchi nyingi za Afrika ziko kwenye kundi lililotakiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029, asilimia 30 ifikapo 2035, na kuendelea kushuka mpaka asilimia 80 mwaka 2045. Maana yake kwa Mzee ni nyepesi: mtungi wa samawati, ule anaoweza kuumudu, ndio utakaoadimika, na magari yanayoutumia yatakuwa bado yamejaa barabarani, maana hapa gari halifi mapema.

Kwa nini gesi mpya ni ghali hivyo? Kuitengeneza ni kazi ndefu kuliko ile ya zamani, na kwa miaka mingi hataza zake zilishikwa na kampuni mbili za Marekani, Honeywell na DuPont, ambayo biashara yake hiyo sasa iko kwa Chemours. Mwaka 2014 Tume ya Ulaya iliziandikia rasmi kueleza wasiwasi wake kwamba namna zilivyoshirikiana kuiendeleza gesi hii huenda imebana ushindani. Ujerumani nako, kampuni ya Daimler ilisema mwaka 2012 kwamba kwenye majaribio yake gesi hii iliwaka ilipomwagikia injini ya moto, na baadaye ikatengeneza baadhi ya magari yanayopozwa kwa kabonidayoksaidi yenyewe. Mfumo huo unafanya kazi kwa msukumo mkubwa mara nyingi zaidi ya huu tunaoujua. Ukija, hakuna geji wala hozi pale mezani itakayoweza kuukaribia.

Na kuna jingine ambalo ningependa wanaoshangilia gesi mpya walizungumze kwa sauti. R-1234yf ikivuja haikai hewani. Huvunjika kwa siku chache, na ndiyo maana haishiki joto. Lakini inachogeuka ni asidi ya trifluoroasetiki, ambayo hushuka na mvua na haivunjiki tena kirahisi. Ulaya tayari mjadala wa kuzibana kemikali za jamii hiyo umefika mezani. Mzee akinunua leo kila kitu kinachotakiwa na gesi ya tatu, nani atamhakikishia kwamba haitaitwa nayo chafu kabla hajarudisha fedha yake?

Kijana wake mkubwa, ambaye ndiye hasa fundi wa kesho wa kona hii, hana wasiwasi sana na gesi. Wasiwasi wake ni oili. Magari ya haibridi yamejaa mjini, na kompresa zake hazizungushwi na mkanda. Zina mota ya umeme mkubwa ndani yake, na oili ya AC inaizunguka mota hiyo. Oili ya kawaida ya PAG inapitisha umeme kiasi. Kidogo tu ikiingia, hata ile iliyobaki ndani ya hozi za geji kutoka gari la jana, kinga ya umeme inashuka, gari linawasha taa ya hatari na linaweza kukataa kutembea. Alinionyesha geji aliyoitenga kwa haibridi tu, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, hozi zake zimezibwa ncha kwa plastiki. Aliinunua kwa fedha yake baada ya fundi wa kona nyingine kulipishwa kompresa ya mteja. Hakuna aliyemwambia aitenge. Alijifunza kwa video za simu, usiku, akisimamisha na kurudisha nyuma kwa sababu zilikuwa za Kiingereza cha haraka.

Njia za mkato zipo na wote wanazijua. Ipo mitungi ya bei ya chini isiyo na jina la maana, na ipo michanganyiko yenye gesi ya jamii ya ile ya kupikia. Inapoza vizuri sana, tena kwa gramu chache, na inawaka. Weka hiyo kwenye gari ambalo evapureta yake iko ndani mbele ya magoti ya abiria, kisha bomba lipasuke. Gesi bandia zimeshaua. Mwaka 2011 wafanyakazi wa bandarini walikufa Vietnam na Brazil makontena ya kubebea vyakula baridi yalipolipuka; ndani yake kulikutwa gesi iliyouzwa kama R134a kumbe imechanganywa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na alumini huzaa kitu kinachowaka kikigusa hewa tu. Mzee alinisikiliza nikimsimulia hayo, akainuka kimya, akaenda kusoma tena maandishi ya mtungi aliokuwa akiutumia.

Kuhusu gari la Kiingereza, alikataa. Hakukataa kazi, alikataa kuchanganya. Alimwambia mwenyewe kwamba kondensa itafutwe kwanza, mfumo uvutwe vakyumu na kupimwa kwa naitrojeni hadi kesho, na gesi yake halisi inunuliwe na mwenye gari mwenyewe, gramu zile zilizoandikwa kwenye kibandiko, mtungi ufunguliwe mbele yake. Yule kijana alinung'unika, akapiga simu mbili za kutafuta pengine, akarudi na kuacha ufunguo. Nadhani kilichomrudisha ni ile alama ya moto, ambayo kabla ya siku hiyo hakuwa ameitazama.

Jua lilipopunguza ukali mafundi wa kona nne za AC walikusanyika kwenye kreti za Mzee. Sikujua kwamba wana mazungumzo ya muda. Wanataka kuchanga kama wanavyochanga kwenye kikoba, wanunue kwa pamoja kifaa cha kupima aina ya gesi na, mbele ya safari, mashine moja ya kuvuta. Kila gari litakalopimwa lilipiwe kidogo, fedha iingie kwenye mfuko wa kukitunza kifaa. Niliwauliza kama wameandikisha kikundi kwenye halmashauri ya jiji, kwa sababu halmashauri zina mikopo ya vikundi vya vijana, na kikundi kilichoandikishwa kinaweza pia kuomba mafunzo kikiwa na jina na mhuri. Mmoja akasema fomu wanayo, imekaa tangu mwaka jana kwa kukosa wa kuijaza. Nikaomba wailete.

Tukaijaza pale pale, juu ya meza ya geji. Jina la kikundi halikuwa tatizo, wala wanachama. Ubishi uliibuka kwenye vitu viwili: mashine italala kwa nani, na nani atalipa gesi chafu ya gari moja ikiiharibu siku ya kwanza. Wa kona ya pili alitaka ikae kwake kwa kuwa ana fremu yenye kufuli. Kijana wa Mzee akasema ikikaa kwa mmoja itakuwa ya mmoja. Mzee akataka kifaa cha kupima kije kwanza, kwa sababu kinaingia mfukoni na kinaweza kulala kwa zamu, na mashine isubiri kaskazi ijayo, wakati ambapo kila mmoja atakuwa ameona kwa macho yake ni magari mangapi ya gesi ya tatu yameingia mtaani. Watatu walikubali. Wa kona ya pili akasema atatoa jibu Jumatatu, na wakaacha nafasi ya sahihi yake wazi.